Kupanga Safari ya Miguu katika Milima ya Rwenzori: Hesabu ya Siku, Njia ya Kurudi na Lugha ya Msafara

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kupanga safari ya miguu ya siku kadhaa katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, kwa kuichukua Njia ya Kati inayoanzia Nyakalengija kuwa kielelezo. Hoja kuu ni kwamba usalama wa msafara huamuliwa kwa kiasi kikubwa kabla ya kufika langoni, kupitia mambo matatu: idadi ya siku, mahali ambapo uamuzi wa kurudi utafanyika, na lugha ambayo wasafiri, viongozi na wapagazi watatumia kuelezana hali ya miili yao. Kwa kulinganisha mwinuko wa vituo vya kulala na kanuni ya kitabibu ya kupanda taratibu, makala yanaonyesha kuwa ratiba fupi huvuka kiwango kinachoshauriwa, na kwamba usiku mmoja wa ziada hurekebisha kasoro hiyo. Aidha, yanabainisha kuwa umbo la mabonde ya Rwenzori humlazimisha mgonjwa aliyepita sehemu fulani kupanda tena ili atoke. Mwisho, yanapendekeza msamiati wa Kiswahili wa kutambua ugonjwa wa mwinuko mapema.

Maneno msingi: Rwenzori, safari ya miguu, ugonjwa wa mwinuko, wapagazi, Kiswahili cha msafara

1.0 Utangulizi

Kupanda milima mirefu ya Afrika Mashariki si shughuli ya wageni kutoka ng'ambo pekee. Wanafunzi wa vyuo, wafanyakazi wa ofisini na vikundi vya marafiki kutoka Kampala, Nairobi, Kigali na miji ya mashariki mwa Kongo nao hupanga safari za aina hii. Mazungumzo yao ya maandalizi kwa kawaida huanza na maswali mawili: safari ni bei gani, na inaweza kumalizika kwa siku ngapi kwa uchache. Swali la pili huulizwa kwa nia ya kupunguza jibu la la kwanza. Mlimani kila siku hulipiwa: kiingilio cha hifadhi, ujira wa kiongozi, ujira wa wapagazi, chakula na kibanda cha kulala. Kwa hiyo siku ndicho kitu cha kwanza kukatwa pale bajeti inapobana.

Makala haya yanashikilia kuwa huko ni kukata mahali pasipostahili kukatwa. Vifaa vinaweza kuazimwa, nguo zinaweza kununuliwa mtumbani, na chakula kinaweza kuwa cha kawaida kabisa. Muda ambao mwili unauhitaji ili uzoee hewa ya juu hauwezi kuazimwa wala kufidiwa kwa ujasiri. Ili kuifafanua hoja hiyo, makala yanaanza na maelezo mafupi ya mlima wenyewe, kisha yanafanya hesabu ya mwinuko na siku, yanachambua njia za kurudi, yanagusia mavazi na chakula, na hatimaye yanajadili lugha inayotumika ndani ya msafara.

2.0 Mlima na mazingira yake

Milima ya Rwenzori imesimama kwenye mpaka wa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tofauti na Kilimanjaro au Mlima Kenya, haikutokana na volkano. Ni pande kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa wakati Bonde la Ufa lilipokuwa likifanyika. Kwa sababu hiyo haina kilele kimoja kinachoonekana kutoka kila upande, bali ina vikundi sita vya vilele vilivyotenganishwa na mabonde yenye kina. Kikundi kirefu zaidi ni Mlima Stanley. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109 juu ya usawa wa bahari na ni cha tatu kwa urefu barani Afrika. Upande wa Uganda ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1991 na kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1994. Upande wa Kongo umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga.

Wenyeji wa miteremko hii ni Wakonzo kwa upande wa Uganda na ndugu zao Wanande kwa upande wa Kongo. Kwao vilele vyenye theluji ni mahali patakatifu, makazi ya Kitasamba. Viongozi na wapagazi wengi wa Njia ya Kati hutoka katika jamii ya Wakonzo, na ujuzi wao wa mito, ukungu na matope ya mlima huu umerithishwa kutoka kizazi hadi kizazi.

Sifa mbili za mazingira haya zina uzito katika upangaji. Ya kwanza ni maji. Mvua hunyesha mwaka mzima, na ile inayoitwa kiangazi ni miezi ambayo mvua hupungua tu: takriban kutoka katikati ya Desemba hadi Februari, na kutoka katikati ya Juni hadi katikati ya Agosti. Ya pili ni barafu inayotoweka. Mtawala wa Abruzzi alipofika vileleni mwaka 1906, barafu ya kudumu ya Rwenzori ilienea katika kilomita za mraba zipatazo 7. Kufikia mwaka 2003 ilikuwa imebaki chini ya kilomita moja ya mraba. Kwa mpandaji, maana ya mabadiliko haya ni kwamba njia ya kuelekea Margherita haidumu ilivyo. Nyufa hufunguka, kingo za barafu husogea, na maelezo ya msafara wa miaka michache iliyopita huenda yasifae leo. Taarifa ya kuaminika ni ile ya kiongozi aliyepita huko msimu huohuo.

3.0 Hesabu ya siku na mwinuko

Kadiri mtu anavyopanda, kanieneo ya hewa hupungua. Kwenye mita 5,000 inakuwa zaidi kidogo ya nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo kwa kiwango hichohicho. Mwili una uwezo wa kuzoea hali hiyo, lakini kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mtu anapopanda kwa kasi kuliko mwili unavyozoea, hupatwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao unaweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi. Dalili zake za awali ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu na usingizi wa kukatikakatika. Ukipuuzwa unaweza kuzaa hali mbili za kuua: kuvimba kwa ubongo na kujaa maji katika mapafu. Umri mdogo, mazoezi ya kila siku na misuli imara havimkingi mtu. Kijana mwenye nguvu yumo hatarini zaidi kwa namna moja: huwahi kufika juu.

Kanuni inayokubalika katika tiba ya milimani ni hii: juu ya mita 3,000, mwinuko wa mahali pa kulala usiongezwe kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne iwepo siku ya kutopandisha mahali pa kulala. Pale ambapo umbo la nchi linalazimisha kuvuka kiwango hicho kwa usiku mmoja, wastani wa kupanda kote ndio unaopaswa kubaki chini ya mita 500. Izingatiwe kuwa kinachohesabiwa ni mwinuko wa kulala. Mtu anaweza kutembea hadi juu zaidi mchana, mradi ashuke kabla ya usiku.

Ratiba fupi ya Njia ya Kati inaweza sasa kupimwa kwa kanuni hiyo. Takwimu zifuatazo zimekadiriwa, kwa kuwa ramani hutofautiana kidogo, hususan kuhusu kibanda cha John Matte.

Jedwali 1: Mwinuko wa vituo vya kulala wakati wa kupanda

Mwanzo, Nyakalengija: mita 1,600
Usiku wa 1, Nyabitaba: mita 2,650 (ongezeko la mita 1,050)
Usiku wa 2, John Matte: mita 3,400 (ongezeko la mita 750)
Usiku wa 3, Bujuku: mita 3,960 (ongezeko la mita 560)
Usiku wa 4, Elena: mita 4,540 (ongezeko la mita 580)
Siku ya 5, kilele cha Margherita: mita 5,109 (ongezeko la mita 569, kisha kushuka)

Kutoka Nyabitaba hadi Elena msafiri hupandisha mahali pake pa kulala kwa mita 1,890 katika siku tatu. Huo ni wastani wa mita 630 kwa usiku, wakati kiwango kinachoshauriwa ni 500. Usiku wa nne, ambao msafiri hulala kwa saa chache tu kabla ya kuamka kwenda kileleni, ndio ambao mwili wake upo nyuma zaidi ya ratiba. Hata hivyo, dawa ya tatizo hili ni nyepesi. Msafara ukilala siku mbili Bujuku badala ya moja, mita hizohizo 1,890 zinagawanywa kwa siku nne na wastani unashuka hadi mita 470 hivi. Siku ya pili ya Bujuku haipotei: wasafiri wanaweza kutembea asubuhi kuelekea Stuhlmann Pass, wakae kidogo, kisha warudi kulala palepale. Kulala mara mbili John Matte nako huleta wastani uleule.

Zipo dawa za hospitali zinazosaidia mwili kuzoea mwinuko, na inayojulikana zaidi ni asetazolamidi. Inafaa msafiri amwone daktari kabla ya safari kuhusu dawa hiyo, hasa mwenye shinikizo la damu, pumu, ugonjwa wa seli mundu au mimba. Dawa hiyo haichukui nafasi ya siku iliyokatwa, wala haimpi mgonjwa ruhusa ya kuendelea kupanda.

Kwa mtu au kikundi ambacho kwa kweli hakiwezi kupata siku nane au tisa, jibu sahihi ni kubadili lengo. Ipo njia fupi ya Mahoma, ya siku tatu, inayozunguka katika msitu na mianzi hadi ziwa lililopo karibu mita 3,000. Msafiri huiona sehemu kubwa ya uzuri wa Rwenzori bila kuvuka mpaka wa hatari ya mwinuko mkubwa. Anayelichagua Ziwa Mahoma akiwa na siku tatu amepanga vizuri kuliko anayelichagua barafu la Margherita akiwa na siku sita.

4.0 Mahali pa kufanyia uamuzi wa kurudi

Tiba ya uhakika ya ugonjwa wa mwinuko ni kushuka. Katika mlima wenye umbo la pia, kushuka ni kugeuka tu. Rwenzori si hivyo, na hapa ndipo mipango mingi iliyoandikwa vizuri huwa na tundu.

Njia ya Kati ni duara. Msafara hupanda kwa kufuata bonde la Mto Bujuku, hufika Elena chini ya vilele, kisha hauludi ulikotoka bali huvuka Scott Elliot Pass, yenye mita 4,370 hivi, na kuteremkia kwenye maziwa ya Kitandara. Kutoka hapo huvuka Freshfield Pass, yenye mita 4,280 hivi, ndipo unapoanza kushuka kupitia kibanda cha Guy Yeoman hadi Nyabitaba. Kwenye ramani, Kitandara inaonekana kama hatua ya kwanza ya kurudi nyumbani, kwani ipo chini ya Elena kwa zaidi ya mita 500. Lakini maji ya maziwa hayo hutiririka kuelekea magharibi, upande wa Kongo, ambako hakuna njia ya msafara. Anayelala Kitandara na kuamka mgonjwa amezungukwa: akitaka kutoka kwa mbele atapanda mita 260 hadi Freshfield, na akitaka kutoka kwa nyuma atapanda mita 350 hadi Scott Elliot. Mgonjwa ambaye tiba yake ni kushuka atalazimika kupanda kwanza, pengine akiwa amebebwa, kwenye mawe yenye utelezi.

Bonde la Bujuku ni tofauti. Kutoka kibanda cha Bujuku njia hushuka mfululizo kufuata mto hadi daraja lililopo chini ya Nyabitaba, na kinachobaki ni mwinuko mfupi wa kukifikia kibanda. Kwa msingi huo, mpango unapaswa kutaja kwa maandishi kanuni moja: msafiri au mpagazi yeyote mwenye dalili zinazozidi akiwa Elena hurudi kwa njia ya Bujuku, hata kama wenzake wanaendelea na duara. Uamuzi huu hufanyika Elena, kabla ya kuvuka Scott Elliot. Ukifanyika baada ya hapo umechelewa.

Tatizo la aina hii lipo pia katika njia ya kusini, inayoanzia Kilembe karibu na mji wa Kasese. Msafara wa njia hiyo huvuka Bamwanjara Pass, yenye mita 4,450 hivi, kabla ya kuteremkia kambi ya Hunwick's iliyo chini ya mita 4,000. Anayeugua hapo naye hana njia rahisi ya kurudi alikotoka. Kwa hiyo funzo si la Njia ya Kati pekee. Mpangaji wa safari yoyote ya milimani anatakiwa kuketi na ramani na kujiuliza, kwa kila kituo cha kulala: mtu akiugua hapa usiku, je, njia ya kutoka inashuka au inapanda? Vituo ambavyo jibu lake ni «inapanda» viwekewe alama, na hali ya kila mtu ikaguliwe kabla ya kuvifikia.

Uamuzi huo una matokeo ya kiutendaji. Kwanza, msafara unaweza kugawanyika. Kwa hiyo uwe na viongozi wasiopungua wawili, kila mmoja akijua sehemu ya chakula na dawa anayobeba. Pili, kuwe na saa ya kugeuka siku ya kwenda kileleni. Misafara mingi huondoka Elena mnamo saa nane au saa tisa usiku. Saa ya kugeuka ipangwe kabla ya kuondoka na iheshimiwe hata kama kilele kinaonekana. Tatu, isitarajiwe kuwa helikopta itafika: ukungu wa Rwenzori huweza kukaa siku nyingi, na mtandao wa simu haupatikani katika sehemu kubwa ya njia. Uokoaji wa kawaida ni watu kumbeba mtu, na kwa njia yenye vinamasi na mawe ni kazi ya siku nzima au zaidi.

Hali ya usalama wa mpaka nayo haina budi kuulizwa kwa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda wakati wa kupanga. Kati ya mwaka 1997 na 2001 hifadhi hii ilifungwa kwa sababu ya vita, jambo linalokumbusha kuwa ruhusa ya kupanda haitegemei mlima peke yake.

5.0 Maji, mavazi na chakula

Baridi ya Rwenzori ni baridi ya kulowa. Mtu mwenye nguo zilizolowa hupoteza joto upesi hata pale ambapo maji hayagandi. Suruali za jinzi na fulana za pamba ndizo nguo mbaya zaidi kwa safari hii, kwa sababu hunyonya maji na kukauka kwa shida. Sweta za sufu na nguo za nyuzi za viwandani hubaki na joto hata zikilowa, nazo hupatikana kwa bei nafuu katika masoko ya mitumba ya Kampala, Nairobi na Kigali. Kanuni ya zamani ya viongozi inatosha: seti moja ya kutembelea, ambayo italowa kila siku, na seti moja ya kulalia, ambayo hailowi kwa hali yoyote. Seti ya kulalia na mfuko wa kulalia vifungwe ndani ya mifuko miwili ya plastiki kabla ya kutiwa kwenye begi.

Kuhusu viatu, Rwenzori humshangaza mwenye buti za bei kubwa. Kati ya John Matte na Bujuku njia hupita katika vinamasi vya Bigo, ambavyo vimejaa mafundo ya nyasi na matope yanayofika magotini. Sehemu ya kinamasi cha chini imewekewa njia ya mbao, lakini kwingineko mtu huruka kutoka fundo hadi fundo au huzama. Wenyeji huvaa gambuti, na msafiri mwenye busara huwaiga. Gambuti zijaribiwe nyumbani zikiwa na soksi mbili nene, kwani gambuti inayocheza mguuni huchubua kisigino siku ya kwanza. Buti ngumu huhitajika tu kuanzia Elena, pamoja na meno ya chuma ya kufunga chini ya kiatu, shoka la barafu, kamba na mkanda wa kujifungia. Vifaa hivi hukodishwa, na vinapaswa kujaribiwa vyote Nyakalengija, mchana, kabla ya kuondoka.

Chakula nacho hufuata sheria za mwinuko. Kwenye mita 4,000 maji huchemka yakiwa na nyuzi 87 hivi za Selisiasi, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo kiwango hicho kinavyoshuka. Maharage makavu, chakula cha kila siku cha sehemu kubwa ya ukanda huu, hayaivi huko hata yakikaa jikoni tangu mchana hadi usiku. Yatamaliza mafuta ya jiko na kubaki magumu. Yapikwe na kuliwa Nyabitaba, au yaachwe. Vyakula vinavyofaa juu ni uji wa ulezi, tambi, viazi vilivyokatwa vidogo, unga wa karanga, dagaa waliokaangwa, mayai yaliyochemshwa huko chini, na chai yenye sukari na tangawizi. Hamu ya kula hupungua mlimani. Kwa hiyo chakula ambacho mtu anakipenda nyumbani kina thamani kuliko chakula kinachosifiwa kitaalamu lakini hakiliki.

6.0 Lugha ya msafara

Msafara wa kawaida wa Rwenzori hukusanya watu wa lugha nyingi. Wapagazi na viongozi huzungumza Lukonzo baina yao. Wasafiri huenda wakatumia Kiingereza, Kifaransa, Kinyarwanda au Luganda. Kiswahili kina nafasi ya kuwaunganisha: ndicho lugha ya Beni na Butembo upande wa pili wa mlima, husikika katika biashara ya mpakani, na mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha kitumike kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Hata hivyo, kuwa na lugha ya pamoja hakutoshi ikiwa maneno yake hayajakubaliwa maana. Mlimani, dalili za hatari hupita ndani ya maneno ya kawaida bila kusikika.

Neno la kwanza ni kuchoka. Msafiri anayejibu kuwa «amechoka tu» anaweza kuwa amechoka kweli, au anaweza kuwa anaumwa na hataki kuwa mzigo kwa wenzake. Tofauti hupimwa hivi: aliyechoka hupata nafuu akiketi, akinywa na kula; mgonjwa hapati. Jibu hilo likitolewa baada ya saa moja ya mapumziko lichukuliwe kuwa dalili.

La pili ni kizunguzungu. Kizunguzungu ni hisia, na anayeijua ni mwenye nayo pekee. Kupepesuka ni tendo, na wanaoliona ni wengine. Mtu ambaye ubongo wake umeanza kuvimba hupepesuka huku akikana kuwa na kizunguzungu, naye hasemi uongo. Kwa hiyo swali la «unasikia kizunguzungu?» halitoshi. Mtu aombwe atembee katika mstari mnyoofu, kisigino cha mguu wa mbele kikigusa vidole vya mguu wa nyuma kwa kila hatua. Asiyeweza ashushwe mara moja, iwe mchana au usiku. Vivyo hivyo kwa anayeweweseka, anayesahau jina la kituo, au asiyeweza kufunga kamba za viatu vyake.

La tatu ni kuhema. Kila mtu huhema akipanda. Kuhema hali mtu ameketi, pamoja na kikohozi kinachozidi au makohozi yenye povu, ni ishara ya maji katika mapafu.

Hesabu ya saa nayo ina hatari yake. Saa mbili ya Kiswahili si saa mbili ya anayefikiri kwa Kiingereza au Kifaransa, na tofauti hiyo ni saa sita kamili. Saa ya kuamka, ya kuondoka na ya kugeuka zitajwe pamoja na sehemu ya siku: saa nane usiku, saa tatu asubuhi.

Zaidi ya maneno yapo mahusiano. Mpagazi anayemwita msafiri «bosi», ambaye ujira wake unategemea kufika, ana sababu nyingi za kuficha maumivu ya kichwa. Utamaduni wenyewe husifu kuvumilia. Methali nyingi za Kiswahili zinamwahidi mvumilivu tuzo. Mlimani sifa hiyo inahitaji mpaka, na mpaka huo lazima uwekwe na mwenye kauli. Mkutano wa kwanza wa msafara, pale Nyakalengija, utangaze mambo matatu kwa Kiswahili chepesi: kwamba ujira wa mpagazi anayeugua hautakatwa, kwamba hakuna mgonjwa, awe mgeni au mpagazi, atakayeshushwa peke yake, na kwamba kauli ya kiongozi kuhusu kurudi ndiyo ya mwisho, hata kwa aliyelipa. Papo hapo mizigo ipimwe kwa mizani mbele ya wote, na nguo za wapagazi zikaguliwe kama zinavyokaguliwa za wasafiri. Mpagazi asiye na koti la mvua ni upungufu wa mpango, na gharama ya koti hilo iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Ukaguzi wa afya ufanywe kila jioni, kwa kila mtu, kwa maswali yaleyale: kichwa, tumbo, usingizi, kuhema, kutembea. Maswali yakiwa ya kila mtu hakuna anayeona aibu kuyajibu.

7.0 Hitimisho

Makala yameeleza kuwa mpango wa safari ya Rwenzori hupimwa kwa maswali matatu kabla ya orodha ya vifaa. Je, wastani wa kupanda juu ya Nyabitaba unabaki chini ya mita 500 kwa usiku? Je, kila mtu anajua ni wapi kurudi kunageuka kuwa kupanda, na kwamba uamuzi lazima ufanyike kabla ya hapo? Je, msafara mzima, pamoja na mpagazi wa mwisho, una lugha ya kusema «siwezi kuendelea» na uhakika kuwa hautaadhibiwa kwa kuisema? Mpango unaojibu ndiyo mara tatu unaweza kuwa na vifaa vya kawaida na bado ukawa salama.

Kwa taasisi za Kiswahili, yapo mapendekezo mawili. La kwanza ni kuandaa, kwa ushirikiano na madaktari, viongozi wa milimani na wazungumzaji wa Lukonzo na Kinande, kijitabu kifupi cha dalili za ugonjwa wa mwinuko kwa Kiswahili kinachoeleweka pande zote za mpaka. La pili ni kukijaribu kijitabu hicho kwa wapagazi kabla ya kukichapisha, kwa kuwa wao ndio wanaopanda mara nyingi zaidi kuliko msafiri yeyote, na wao ndio watakaokitumia usiku ambao mtu anapepesuka mlangoni mwa kibanda cha Elena na njia ya Bujuku bado ipo wazi.